Diski ilipojaa katikati ya usafi: kisa cha hifadhidata ya Toyota, Agosti 2023

Jumanne ya tarehe 29 Agosti 2023, zamu ya asubuhi, laini 25 za kuunganisha magari katika viwanda 12 vya Toyota nchini Japani hazikuwashwa. Ilipofika zamu ya pili, viwanda viwili vilivyosalia navyo vikasimama. Hesabu ikawa viwanda 14 na laini 28, yaani viwanda vyote vinavyounganisha magari ya Toyota ndani ya Japani, nchi inayotoa karibu theluthi moja ya magari yote ya kampuni hiyo duniani.

Wengi waliwaza wadukuzi, na hawakukosea kuwaza hivyo. Tarehe 1 Machi 2022 viwanda hivyo 14 vilishasimama siku nzima baada ya kampuni ya Kojima Industries, inayoiuzia Toyota vipuri vya plastiki, kushambuliwa kimtandao. Takriban magari 13,000 hayakutengenezwa siku ile. Safari hii Toyota ilisema mapema kwamba haioni dalili ya shambulio, na tarehe 6 Septemba ikatoa maelezo kamili: diski ya seva ilikuwa imejaa.

Maelezo yenyewe ni mafupi, aya chache tu, ila kila sentensi ina uzito. Mfumo uliokwama ni ule unaochakata oda za vipuri. Jumapili tarehe 27 yalifanyika matengenezo ya kawaida, ya ratiba. Katika matengenezo hayo, data iliyokuwa imerundikana kwenye hifadhidata ilifutwa na kupangwa upya. Katikati ya kazi hiyo nafasi ya diski haikutosha, hitilafu ikatokea, mfumo ukasimama. Seva za akiba zilikuwa zikiendeshwa kwenye mfumo huo huo, zikapatwa na hitilafu ya aina ile ile, kwa hiyo kazi haikuweza kuhamishiwa huko. Tarehe 29 data ilihamishiwa kwenye seva yenye uwezo mkubwa zaidi, mfumo ukarudi, na tarehe 30 viwanda vikaanza kufunguliwa: 12 kwenye zamu ya kwanza, vyote 14 kwenye zamu ya pili.

Kwa nini oda za vipuri zisimamishe kiwanda kizima? Kwa sababu Toyota haiweki maghala makubwa ya vipuri. Utaratibu wake, ambao viwanda vya dunia nzima vimeuiga, ni kwamba kipuri kifike pale kinapohitajika, wakati kinapohitajika, kwa idadi inayohitajika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kadi za kanban zilizozunguka kati ya kiwanda na wauzaji. Sasa sehemu kubwa ya mawasiliano hayo hupita kwenye kompyuta. Oda zisipotoka, vipuri haviji, na hakuna stoo ya wiki mbili ya kuchota wakati mafundi wanahangaika na seva. Hapo hifadhidata haiko nyuma ya kazi, iko ndani ya kazi yenyewe, sawa na umeme.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni lile moja: diski ilijaa wakati watu wanafuta data. Hawakuwa wanaongeza kitu. Walikuwa wanasafisha, tena kwa ratiba, Jumapili, kama wasimamizi wazuri wa mifumo wanavyotakiwa kufanya. Msimamizi mpya akisikia hivyo hushangaa. Akilini mwake kufuta ni kupunguza: una jedwali la GB 100, unafuta nusu, unabaki na GB 50. Kwenye folda ya picha za simu ni kweli. Kwenye hifadhidata si kweli, na asiyeelewa sababu atakuja kukutana na kisa hiki kwenye seva yake mwenyewe.

Kufuta ni kuandika

Nitaonyesha kwa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, kwa kuwa iko kwenye seva nyingi huku kwetu na kwa kuwa utendaji wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuangalia.

PostgreSQL huhifadhi jedwali katika kurasa za kilobaiti 8. Ukitoa amri ya `DELETE`, rekodi haiondoki kwenye ukurasa. Inaandikwa alama kwenye kichwa chake kwamba muamala fulani umeifuta, na yenyewe inabaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu huenda kuna muamala mwingine ulioanza mapema ambao bado una haki ya kuiona. Kabla alama hiyo haijafika kwenye faili la jedwali, mabadiliko lazima yaandikwe kwanza kwenye logi ya WAL (write-ahead log, yaani logi inayotangulia kuandikwa), iliyo ndani ya folda ya `pg_wal`, katika vipande ambavyo kwa kawaida ni vya MB 16. Logi hiyo ndiyo inayoiwezesha hifadhidata kusimama tena umeme ukikatika ghafla.

Sasa angalia kwa karibu. Mara ya kwanza ukurasa unapoguswa baada ya checkpoint, yaani ile hatua ya kila baada ya muda ambapo mabadiliko yote yaliyosubiri huandikwa kwenye faili za majedwali, PostgreSQL haiandiki kwenye WAL ile alama ndogo peke yake. Inaandika nakala ya ukurasa wote, ili umeme ukikatika wakati ukurasa umeandikwa nusu, kuwe na nakala nzima ya kurudia. Kwa hiyo kufuta rekodi moja ya baiti 200 kunaweza kugharimu karibu kilobaiti 8 za logi. Jedwali la GB 100 lina kurasa zaidi ya milioni 13. Ikiwa rekodi za zamani unazozifuta zimetawanyika, moja hapa, mbili pale, kila ukurasa utaguswa, na usafi wako utazalisha logi inayokaribia ukubwa wa jedwali lenyewe. Hapo bado `VACUUM`, kazi ya kuachilia nafasi za rekodi zilizofutwa ili zitumike tena, haijapita. Nayo ikipita, inagusa kurasa zilezile, inagusa faharasa (index, orodha za kutafutia rekodi haraka), na inaandika logi yake.

Katika hali nzuri logi hiyo haikai. Checkpoint ikikamilika, vipande vya zamani hutumika upya au huondolewa. Shida inakuja pale kitu kinapovishikilia. Amri ya kutuma logi kwenye hifadhi ya bakapu ikiwa inashindwa, hata kwa sababu ndogo kama nenosiri lililobadilishwa, PostgreSQL haitafuta kipande hata kimoja ambacho hakijatumwa. Seva ya akiba ikiwa imezimwa huku nafasi yake ya kupokea logi, ile inayoitwa replication slot, bado imesajiliwa kwenye seva kuu, logi zitasubiri. Zitasubiri mpaka diski ijae, kwa sababu bila mpangilio mwingine hakuna kikomo. Kikomo kiliongezwa katika toleo la 13 la mwaka 2020 kwa jina la `max_slot_wal_keep_size`, lakini hadi leo thamani yake ya kuanzia ni -1, yaani bila mpaka. Ukiwa na hali kama hiyo siku za kawaida, diski hupanda polepole na huenda ukawahi kuona. Ukiwa nayo siku ya kufuta rekodi milioni kadhaa, una saa chache tu.

Halafu kuna ile sehemu ya pili ya sentensi ya Toyota: data ilifutwa na kupangwa upya. Watu wengi wakishafuta, wakaangalia nafasi ya diski kwa `df -h`, wakakuta diski haijashuka hata kidogo, hukimbilia `VACUUM FULL`. Ni kweli amri hiyo hurudisha nafasi kwa mfumo wa uendeshaji, ila namna inavyofanya ndiyo hatari. Inaandika jedwali jipya zima pembeni, inajenga faharasa zote upya, na faili za zamani zinaondoka mwishoni kabisa, muamala ukishathibitishwa. Ni sawa na kupanga upya stoo iliyojaa: lazima kwanza magunia yatoke uani, na kama uani hakuna nafasi, kazi inaishia katikati. Jedwali lililobaki na GB 60 za data hai linahitaji GB 60 nyingine huru, pamoja na faharasa, na WAL juu yake. Na muda wote huo jedwali limefungwa, hakuna anayesoma wala kuandika.

Hifadhidata nyingine zinafika pale pale kwa njia zao. MySQL ukitumia InnoDB, injini yake ya kawaida ya kuhifadhi data, kila rekodi inayofutwa huacha kumbukumbu kwenye logi ya kutendua, na kwenye binlog, logi ya mabadiliko inayosomwa na seva za akiba, ambayo tangu toleo la 5.7 huandika rekodi kwa rekodi, huingia taswira kamili ya kila rekodi iliyofutwa. Katika toleo la 8.0 binlog hizo hukaa siku 30 usipobadilisha. Maana yake ukifuta GB 40 za data ya zamani leo, GB 40 au zaidi zinaweza kuhamia kwenye binlog, na faili la jedwali halijapungua. SQL Server hukataa kukata logi mpaka muamala uishe, tena hujitengea nafasi ya ziada kwa ajili ya kurudisha mambo nyuma endapo utaghairi. Wanaoitumia wanaijua hitilafu namba 9002, ile ya logi iliyojaa. Oracle nayo ina UNDO, nafasi ya kutunza data ya kutendua, na diski ya logi za kumbukumbu ikijaa, hifadhidata hugoma na ujumbe wa ORA-00257. Hata chini ya hifadhidata, kwenye mfumo wa faili, jambo ni hilo hilo: ZFS hujitengea akiba, kwa kawaida sehemu moja kati ya 32 ya uwezo wote, kwa kuwa ikijaa kabisa hata kufuta faili kungeshindikana. Kwenye mfumo usioandika juu ya data ya zamani, kufuta nako kunataka mahali pa kuandika.

Seva ya akiba haikuwa akiba

Hili la seva za akiba naliwekea nafasi kubwa kwa sababu ndipo wengi tunapojipa moyo bure. Ukiuliza taasisi ina mpango gani seva ikianguka, utaambiwa: tuna replika, yaani seva ya akiba inayonakili seva kuu muda wote. Vizuri. Lakini replika hulinda dhidi ya kitu gani? Ubao wa seva ukiungua, replika inakuokoa. Chumba kikifurika maji, replika iliyo jengo lingine inakuokoa. Diski ikijaa kwa sababu ya kazi iliyofanywa ndani ya hifadhidata, replika haina msaada, maana kazi yake yote ni kurudia kwa uaminifu kila kilichotokea kwenye seva kuu. Ukifuta, inafuta. Ukizalisha GB 90 za logi, inapokea GB 90. Ukiandika jedwali upya, inaliandika upya. Na kwa kuwa tulizinunua siku moja, kwa tenda moja, zikiwa na diski za ukubwa ule ule, zinajaa ndani ya dakika zile zile.

Kuna mzunguko mbaya zaidi. Replika ikitangulia kujaa, inaacha kupokea logi. Seva kuu inaendelea kumshikia mwenzake logi zake, kama nilivyoeleza juu, na diski yake inapanda kwa kasi zaidi kuliko ingepanda ikiwa peke yake. Kwa hiyo replika iliyojaa inaisaidia seva kuu kujaa. Nimewaona watu wenye uzoefu wakitafuta tatizo kwenye seva kuu kwa muda mrefu, kumbe jibu liko kwenye replika iliyonyamaza tangu usiku.

Ndiyo maana naona sentensi ya Toyota kuhusu seva za akiba ni ya uungwana mkubwa. Wangeweza kuandika "hitilafu ya kiufundi" wakaishia hapo. Wakaeleza wazi kwamba akiba yao ilianguka kwa sababu ile ile, na mtu yeyote anayelinda mfumo mahali popote anaweza kuchukua sentensi hiyo akaenda kukagua wa kwake.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Replika ipewe diski kubwa kuliko ya seva kuu, hata kwa asilimia 30, ili seva kuu ikijaa kuwe na mahali pa kuhamia. Au iwepo replika moja inayochelewa kwa makusudi: PostgreSQL ina `recovery_min_apply_delay`, MySQL nayo ina mpangilio wa aina hiyo. Replika inayochelewa hupokea logi papo hapo ila haizitekelezi mpaka muda ufike. Itataka diski zaidi ya kuzihifadhi logi hizo, hilo lihesabiwe, lakini siku mtu akifuta jedwali lisilostahili, utashukuru.

Namna ya kunyanyuka

Toyota haikutaja kubana nafasi kwenye diski iliyojaa. Ilihamisha data kwenda kwenye seva kubwa zaidi. Kwa mtu aliye nje hilo laweza kuonekana ni kukwepa tatizo. Mimi naona ndiyo njia sahihi, na ningependa iwe ya kwanza akilini mwa kila msimamizi, kabla mkono haujaanza kuandika `rm`, amri ya kufuta faili.

Zingatia hali inavyokuwa. Kwenye PostgreSQL, faili la jedwali likikosa nafasi ya kukua, muamala huo mmoja unashindwa kwa ujumbe wa `could not extend file`, na hifadhidata inaendelea kuishi. Lakini WAL ikikosa nafasi, seva nzima hujizima kwa `PANIC`, na ndani ya logi unakuta mstari unaoishia na `No space left on device`. Ukiiwasha tena, lazima kwanza ipitie WAL tangu checkpoint ya mwisho ili kurudisha data katika hali timamu, na kazi hiyo nayo inaandika. Diski ikiwa bado imejaa, itaanguka tena pale pale. Unaona seva inawaka, inakufa, inawaka, inakufa, simu zinaita, mkubwa wa idara amesimama mlangoni. Ndipo mtu anapoingia kwenye folda ya logi, anaona faili mamia yenye majina marefu ya namba na herufi, anasema hizi ni logi tu, anazifuta.

Hapo ndipo tatizo la nafasi linapogeuka kuwa tatizo la data. Faili hizo si logi za kusoma. Ni nusu ya hifadhidata yako. Hadi toleo la 9.6 folda hiyo iliitwa `pg_xlog`, na watu waliifuta mara nyingi kiasi kwamba wasanifu wa PostgreSQL waliibadilisha jina kuwa `pg_wal` katika toleo la 10 la mwaka 2017. Folda ya hali za miamala, `pg_clog`, nayo wakaiita `pg_xact` kwa sababu hiyo hiyo. Ukishazifuta, kinachobaki ni `pg_resetwal`, chombo kinachoilazimisha hifadhidata iwake bila kujua ni miamala ipi ilikamilika. Itawaka. Lakini ndani yake kunaweza kuwa na faharasa zisizolingana na majedwali, oda iliyothibitishwa nusu, malipo yaliyoingia upande mmoja. Baada ya hapo njia ya heshima ni kutoa data yote kwa `pg_dump` na kujenga hifadhidata mpya, ukikagua kila kitu kwa macho.

Kwa hiyo mpangilio ninaoushauri ni huu. Kwanza, zima programu zinazoandika, si hifadhidata peke yake. Zikiachwa, zitajaribu kuunganisha bila kukoma na zitaila nafasi yoyote utakayoipata. Pili, angalia nafasi imekwenda wapi kabla ya kugusa kitu: `df -h` kwa ujazo, `df -i` kwa idadi ya faili, `du -xsh` folda kwa folda. Hesabu za `df` na `du` zikitofautiana sana, kuna faili lililofutwa huku programu bado imelifungua. Amri ya `lsof +L1` italionyesha, na kuiwasha upya programu hiyo kutairudisha nafasi yote mara moja.

Tatu, tafuta nafasi nje ya folda ya hifadhidata. Karibu kila seva ina kitu: faili za dampo za mwaka jana kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, vifurushi vya masasisho, logi za seva ya wavuti ambazo hakuna anayezizungusha. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, kuna akiba ya asilimia 5 ambayo kwa kawaida ni ya root, mtumiaji mkuu wa seva, peke yake. Kwenye diski ya GB 500 hiyo ni GB 25, na `tune2fs -m 1` huachia GB 20 kati ya hizo papo hapo bila kuzima chochote. Ni njia ya dharura, na irudishwe baadaye, lakini imeamsha seva nyingi.

Nne, kama diski iko kwenye LVM (mfumo wa Linux wa kugawa na kukuza diski) au kwenye wingu, iongeze. Mfumo wa faili wa ext4 au XFS hukuzwa ukiwa unatumika. Kama haiwezekani, fanya alichofanya Toyota: seva ikiwa imezimwa kabisa, nakili folda nzima ya data kwenda kwenye diski kubwa, na WAL yake ikiwa ndani, haki za faili na mmiliki vikiwa vile vile, ndipo uwashe huko. Ile ya zamani usiiguse. Ndiyo bakapu yako ya mwisho mpaka utakapothibitisha kwamba mpya ni nzima.

Ikishawaka, usifungue milango mara moja. Angalia `pg_replication_slots` kama kuna nafasi isiyo na mpokeaji. Ukiiona, na una uhakika replika yake haihitajiki au utaijenga upya, iondoe kwa `pg_drop_replication_slot`, toa amri ya `CHECKPOINT`, na utaona `pg_wal` ikipungua yenyewe. Hiyo ndiyo njia halali ya kufuta WAL: kuondoa kinachoishikilia, kisha kuiacha hifadhidata ifute. Halafu ndipo uanze kupokea miamala, kidogo kidogo. Mfumo wa oda ukikaa siku nzima bila kufanya kazi, foleni ya upande wa pili ni ndefu, na ikimwagika yote kwa pamoja itajaribu seva iliyotoka kuugua.

Kwetu, penye diski moja

Toyota ilipata seva kubwa zaidi ndani ya siku mbili. Hospitali ya wilaya, au chama cha ushirika wa akiba na mikopo chenye seva moja kwenye chumba cha nyuma, hakitaipata. Diski mpya ina fomu ya maombi, ina ankara tatu za kulinganisha, ina sahihi ya mtu ambaye yuko safarini. Kwa sababu hiyo hiyo, nafasi ya dharura lazima iwepo kabla.

Kitu cha kwanza ninachokiangalia nikikaribishwa kwenye seva ya namna hiyo ni mahali bakapu zinapoandikwa. Mara nyingi ni kwenye diski ile ile ya hifadhidata, kila usiku, na ile kazi ya kufuta za zamani ilisahauliwa. Hapo kuna makosa mawili kwa mpigo: bakapu itaondoka pamoja na diski, na bakapu yenyewe ndiyo itakayoijaza. Ziondolewe hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Kitu cha pili ni faili la uzito. Tengeneza faili tupu la GB 5 au 10 kwa `fallocate`, lipe jina linalojieleza kwa herufi kubwa, liache tu. Siku diski ikijaa, unalifuta, unapata pumzi ya kuwasha hifadhidata na kufanya kazi iliyobaki kwa utulivu. Halina gharama yoyote, na sijui kwa nini halimo kwenye kila mwongozo wa kufunga seva.

Na tahadhari za ufuatiliaji zisiangalie asilimia peke yake. Diski ya TB 2 iliyofika asilimia 85 ina GB 300 huru, huenda ni miezi. Diski ya GB 80 iliyofika asilimia 85 ina GB 12, na usafi mmoja wa Jumapili unaweza kuzimaliza kabla ya ibada kwisha. Kinachofaa kuulizwa ni: kwa kasi ya saa sita zilizopita, diski itajaa lini? Prometheus, programu ya kufuatilia seva, ina `predict_linear` kwa kazi hiyo. Asiye nayo anaweza kuandika hati ya mistari michache kwenye cron, kiratibu cha kazi cha Linux, inayolinganisha vipimo viwili na kutuma ujumbe wa simu.

Usafi wenyewe nao una namna yake. Ukilazimika kutumia `DELETE`, futa kwa mafungu, rekodi 5,000 au 10,000 kwa muamala, upumzike kati ya fungu na fungu, na kila mara uangalie nafasi ya diski na umbali wa replika kabla ya kuendelea. Hati ijisimamishe yenyewe nafasi ikishuka chini ya kiwango ulichoweka. Kazi iliyokuwa ya usiku mmoja itachukua wiki nzima, na hakuna ubaya wowote. Kwa data inayoongezeka kila mwezi na kuzeeka kila mwaka, kama oda, miamala na kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo, ni bora jedwali ligawanywe kwa miezi tangu mwanzo; PostgreSQL inaliwezesha hilo kwa urahisi tangu toleo la 10. Kuondoa mwezi wa zamani kwa `DROP TABLE` ni kufuta faili zima. Hakuna alama za rekodi kwa rekodi, hakuna nakala za kurasa milioni 13, na nafasi hurudi pale pale. Usafi huo hauhitaji nafasi ya kufanyia usafi.

Toyota ilisema pia kwamba hatua za kuzuia hitilafu isirudie ziliwekwa kwa kuizalisha upya hali ile na kuithibitisha. Hilo linawezekana hata kwenye kompyuta ya mezani. Tengeneza faili la GB 10, liumbizwe kama ext4, lipandishwe kama diski, uweke ndani yake PostgreSQL yenye jedwali la GB 6 la data ya kubuni na rekodi za zamani zikiwa zimetawanyika. Andikisha replication slot isiyo na mpokeaji. Kisha endesha hati yako ya usafi, ile ile utakayoitumia Jumapili, na kwenye dirisha la pili uache `watch df -h` ikihesabu. Ikifika `PANIC`, anza kuinyanyua ukiwa na karatasi pembeni, uandike kila amri uliyoitoa kwa mpangilio wake, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa rafu ya seva.